Pedali ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa Idara ya Muziki ameagiza kila mshiriki wa tamasha la chuo aandike shajara, ili kurasa zake zije kubandikwa ukutani pamoja na picha na vinyago. Tangu jioni hii nami ni mshiriki. Nitaandika kwa sababu nimeahidi, lakini ukutani haibandikwi. Mtu mzima havui nguo sokoni.

Mvua imeanza leo. Mhadhiri aliyekuwa apige piano kwenye kazi aliyoitunga binti yangu ameteleza kwenye ngazi za maktaba akavunjika mkono. Ndiyo maana jioni dada yangu aliweka chini pazia alilokuwa akishona, akatoa pini mdomoni, akasema, "Mwanao anauliza kama utampigia."

"Yuko wapi?"

"Jikoni."

Kutoka nilipokaa, jikoni ningeweza kufika kwa kurusha ndala. Lakini kwetu ndivyo ilivyo: jambo dogo binti yangu huniambia mwenyewe, jambo kubwa hupitia kwa shangazi yake. Kwa njia hiyo nilijulishwa kwamba ameacha uhandisi anasoma muziki. Kwa njia hiyohiyo nikajibu kwamba amenivunja moyo, na wiki iliyofuata kwamba moyo umeungika.

Nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Mwambie nimekubali." Sufuria ikaanguka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeletewa kazi yenyewe. Nimepiga piano hotelini miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye bendi ya dansi, lakini karatasi yenye noti chache kiasi hiki sijawahi kuiona. Ukurasa mzima una kodi tatu. Kodi za piano, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa mpigo mmoja, siyo za serikali, ingawa hizi nazo zinauma. Baada ya kila kodi kuna nafasi nyeupe ndefu, na kwenye nafasi hiyo neno moja kwa mwandiko mzuri wa binti yangu: acha.

Hapo nikafurahi, maana neno hilo nalijua. Kwenye bendi kiongozi wetu alikuwa akiinua kidole anasema "Acha!" na vyombo vyote vinakatika kwa pamoja, wacheza dansi wanabaki mguu mmoja hewani. Hakuna aliyekuwa akikata kama mimi. Basi nikapiga kodi ya kwanza, nikaikata. Nikapiga ya pili, nikaikata. Dada akachungulia mlangoni.

"Huo ni muziki au unapigilia misumari?"

"Muziki wa kisasa."

"Basi kisasa kimekuja na nyundo," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hotelini wageni wawili, mmoja amelala kitini.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya kwanza katika ukumbi mkuu wa chuo. Ukumbi wa zamani: paa la bati, madirisha marefu yasiyofunga vizuri, na piano kubwa nyeusi ambayo mtu fulani amewahi kuiwekea kikombe cha moto. Wanafunzi wanatundika kazi zao kila mahali. Kwenye korido miavuli iliyofunguliwa imening'inizwa chali darini, kila mmoja una maji kidogo ndani, na mwanga wa taa ukipita kwenye maji hayo ukuta mzima unacheza, unahisi unatembea chini ya ziwa. Nilipita taratibu. Nilipofika mwisho nikagundua nilikuwa nimebana pumzi.

Juu ya piano kumetundikwa mabati. Mwanzoni nilidhani paa limeachia. Kumbe ni kazi ya rafiki wa binti yangu, yule wanayemwita Mchongaji, msichana mwenye vidole vilivyobabuka kwa kuchomelea na anayetafuna karanga hata mbele ya wakubwa. Amekata mabati membamba kwa umbo la majani, kila jani linaning'inia kwa uzi wa nailoni.

"Sauti ikiyafikia yatatetemeka, Mzee Piano," akaniambia. "Yatakujibu."

Nikapiga kazi yote mwanzo hadi mwisho. Hayakunijibu neno.

Binti yangu alikaa safu ya mbele, mikono kaibana katikati ya magoti. "Asante, Baba," akasema. "Labda ile ya kwanza..." Akatazama viatu vyake. "Hapana. Ni sawa tu."

Nilipokuwa natoka, Mkuu wa Idara akanivuta pembeni. Ni mama mwenye haraka, anaongea huku anatembea. "Umeambiwa kuhusu mgeni? Profesa kutoka chuo cha muziki cha ng'ambo. Atasikiliza kazi zote za wanafunzi, atachagua mtunzi mmoja, amchukue akasome kwao miaka mitatu. Mimi naona binti yako ana nafasi kuliko wote, mradi kazi yake isikike inavyotakiwa."

Nikasema hongera. Sijui nilikuwa nampongeza nani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimelowa. Miaka mitatu. Mama yake alipoondoka mtoto alikuwa hajaota meno ya mbele, na funguo za nyumba zikarudi kwa posta, ndani ya bahasha isiyo na barua. Dada husema mwanamume haachwi, mwanamume huacha. Basi mimi nilifungua njia. Tangu siku hiyo nyumba hii ina sauti mbili, ya cherehani na ya huyu mtoto, na ya cherehani ningeweza kuishi bila hiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Dada alikuwa anajua habari ya miaka mitatu tangu mwezi uliopita. Kila mtu nyumbani alijua isipokuwa mwenye nyumba.

Jumatano, 19 Machi

Hotelini nilikuwa napiga wimbo wa zamani wa mapenzi, ule wanaouomba walevi, na katikati yake vidole vikaenda vyenyewe kwenye kodi ya binti yangu, ile ya ukurasa wa pili ambayo haina furaha wala huzuni. Nikaikata kama kawaida. Mhudumu wa baa, ambaye tumezeeka pamoja pale, akasimama na trei yake.

"Umesahau wimbo?"

"Hapana. Nimeingia nyumba nyingine kwa bahati mbaya."

"Nyumba yenyewe ina giza," akasema, akaenda zake.

Mvua ilikuwa inateleza kwenye vioo vya mapokezi na taa za magari zinapita ndani yake zimevimba. Nilitamani kuirudia ile kodi, lakini mgeni wa meza ya kona aliomba siku ya kuzaliwa ya mkewe iimbiwe, nikaimba.

Jumatatu, 24 Machi

Mazoezi tena. "Ni sawa, Baba." Sasa nimeanza kuliogopa neno sawa. Mtu akipenda kitu hasemi ni sawa. Anasema zaidi ya hapo, au analaumu kidogo ili apate pa kushika. Huyu ananitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyeambiwa ugonjwa wake.

Nilipotoka niliingia chumba kimoja cha maonyesho kukwepa mvua. Giza, magodoro sakafuni, na spika ndogo pembeni mwa kila godoro. Kijana wa mlangoni akasema nilale popote, nisikilize. Ni sauti za watu waliolala, kila spika na mtu wake. Nikajilaza, nikavua viatu. Mmoja alikuwa anapumua kama anayepanda kilima. Mwingine anameza mate, anasema "bado, bado," kisha kimya. Nikahama godoro. Hapo nikasikia mkoromo mmoja wa kishenzi, unapanda, unakwama, unashuka kwa filimbi, nikacheka peke yangu gizani. Halafu nikaacha kucheka. Ile filimbi ya mwisho dada yangu ameilalamikia maisha yake yote.

Nikamuuliza kijana, "Huyu mmempata wapi?"

"Alituletea msichana mmoja wa Idara ya Muziki. Alisema alirekodi ili abaki nayo, akatugawia nakala. Ndiyo sauti aliyolala akiisikia tangu utotoni."

Nikarudi godoroni. Nilijisikiliza nikilala mpaka nikalala kweli, na wakaniamsha wanataka kufunga.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu alfajiri. Pazia la mteja limeota ukungu, dada haongei na mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimejua.

Baada ya mazoezi nilikwenda kantini kunywa chai. Mchongaji akaja akaketi mbele yangu bila kukaribishwa, akamwaga karanga mezani tugawane.

"Mzee, nikuulize kitu, usinikasirikie. Kwa nini unazima?"

"Nazima nini?"

"Sauti. Kila ukipiga unaiua palepale. Mabati yangu yanangoja pale juu, hayapati kitu."

"Si imeandikwa acha?"

"Ndiyo, acha."

"Basi naacha."

Akaacha kutafuna. Sijawahi kumwona huyu mtoto mdomo umetulia. "Hapana, mzee. Wewe unaacha kupiga. Yeye anasema uiache. Mguu unabaki kwenye pedali. Iache ilie, iende zake mpaka iishe yenyewe."

Nilibaki na kijiko ndani ya chai nikikoroga sukari iliyokwisha yeyuka. Acha ugomvi. Acha mlango wazi. Mtoto anayechezea moto ukimwambia acha, anaondoa mkono. Ndege aliyeshikwa mkononi, mtu akisema mwache, anaruka. Neno hilo limepita mdomoni mwangu kila siku ya maisha yangu, nami nilikuwa nimelisikia upande mmoja tu.

"Na yeye kwa nini hajaniambia? Wiki zote hizi!"

"Anasema wewe ni baba yake," Mchongaji akajibu, kana kwamba hiyo inaeleza kila kitu. Na kweli ilieleza.

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. Dada akanitazama usoni akaweka mkasi chini. "Kuna nini? Nimwambie nini?"

"Leo usimwambie kitu. Nakwenda mwenyewe."

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za uani chini ya kibaraza, anafungua nywele zake, maji ya paa yanamwagika mbele yake kama pazia la bei rahisi. Nikakaa ngazi ya juu yake. Ilikuwa rahisi zaidi kumsemesha kisogo.

"Kwa nini hukunirudi?"

Hakuuliza nazungumzia nini. "Ningekurudije, Baba?"

"Kwa mdomo."

Akacheka kidogo, halafu nikaona mabega yanatikisika na hakikuwa kicheko tena. "Nilidhani utaisikia mwenyewe. Halafu nikadhani labda wewe ndivyo unavyoisikia, labda mimi ndiye sijui. Mwisho nikasema basi, itapigwa hivyohivyo."

"Iharibike? Mbele ya yule mgeni?"

"Ingeharibiwa na wewe. Afadhali wewe."

Nilikasirika, nakiri. Nikamwambia heshima gani hii inayomwacha baba akajiaibishe mbele ya ukumbi mzima, nikamwambia mambo mengine pia, kwa sauti, mpaka dada akafungua redio ndani ili majirani wasisikie. Nilipokwisha alikuwa bado anafungua nywele zake, msuko mmoja mmoja.

"Unakumbuka ulivyonifundisha pedali?" akauliza. "Nilikuwa chini ya piano. Ulisema, hii ni pedali ya kulia. Nikakuuliza, na ya kucheka ni ipi?"

Nilikuwa nimesahau. Nilijibu nini?

"Ulisema ya kucheka bado haijatengenezwa. Nikakulilia siku nzima."

Tulikaa pale mpaka giza likaingia na dada akaja kutuuliza kama chakula tutakila au tutakitazama.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepiga kodi ya kwanza na mguu nikaubakiza. Sijui kama nitaweza kuandika hili vizuri. Nilizoea sauti inayofanya kazi, inayoshika mkono wa ile inayofuata na kumpeleka mgeni mpaka mwisho wa bia yake. Hii ilisimama. Kisha ikaanza kufunguka: chini yake kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, na ndani ya hiyo nyingine tena, na hakuna hata moja niliyoipiga mimi. Mabati yakaamka. Jani la kwanza lilitetemeka kwa shida, la pili likalijibu, na mwanga uliotoka kwenye madirisha ukaanza kutembea juu ya dari, juu ya viti, juu ya mikono yangu. Sikujua tena kama nasikia au naona. Nilisahau kwamba ni mimi niliyekaa kwenye piano.

Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya viti vitupu, macho kayafumba. Hakusema ni sawa.

Mchongaji ndiye aliyepiga kelele kutoka juu ya ngazi yake, "Eee! Yanajibu, yanajibu!" na karanga zikamwagika sakafuni.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeandika mstari nikaufuta, sasa nauandika tena, maana mtu akikosa wa kumwambia huiambia karatasi. Nikiipiga vizuri, anakwenda. Nikiipiga kama nilivyokuwa naipiga, anabaki, na hakuna atakayenilaumu, yeye wala mkuu wake. Mzee wa hoteli amekosea, basi.

Leo asubuhi nilimkuta amelala kitini, penseli mkononi. Nilimfunika shuka nikakaa pale namtazama kama mwizi.

Jumatano, 9 Aprili

Tamasha. Nilivaa suti yangu ya hotelini, dada akaipunguza mikono. Kazi ya binti yangu ilipangwa alasiri, ya mwisho, ukumbi ukiwa umejaa mpaka watu wamekaa madirishani. Mgeni alikuwa safu ya mbele, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, mkoba kaupakata kama mtoto. Mkuu wa Idara alikuwa ameshaninong'oneza kwamba gari la kumpeleka uwanja wa ndege linamsubiri nje, kwa hiyo nisichelewe.

Nikatoka. Makofi. Binti yangu akakaa kwenye kigoda kando yangu, maana ndiye aliyekuwa anigeuzie kurasa. Nikaweka mguu kwenye pedali, nikainua mikono, na mvua ikashuka.

Haikuwa mvua ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa. Bati lote la ule ukumbi likanguruma mpaka nikauhisi mngurumo kwenye meno. Nilimwona Mkuu wa Idara anafungua mdomo na sikusikia kitu. Aliashiria kwa mkono: anza, anza. Kisha akaonyesha saa yake, kisha mlango, yaani gari.

Hapo ndipo nilipokuwa. Kodi ya binti yangu chini ya mvua ile ingekuwa kama kusemea kisimani. Kishindo kingesikika, na kile kinachofuata kisisikike kabisa; ningekuwa nimepiga kila noti iliyoandikwa, kwa unyofu wote, na kazi ingekuwa imekufa, na mtoto angebaki nyumbani, na mkosaji angekuwa mbingu. Sikuhitaji hata kukosea. Nilihitaji kutii tu.

Nikashusha mikono nikaiweka mapajani.

Mkuu akaashiria tena, sasa kwa mikono miwili. Nikatazama mbele. Nilihisi binti yangu amenigeukia, lakini sikumtazama, ningemtazama ningelia mbele za watu. Jasho lilinitoka ndani ya suti. Watu walianza kutazamana, kisha nikaona kitu cha ajabu: mmoja baada ya mwingine wakatulia. Wakainamisha vichwa. Mzee mmoja akafumba macho. Walikuwa wanasikiliza mvua kwa adabu kubwa, wakidhani kazi imeanza! Kwenye tamasha la namna hii nani angethubutu kuuliza? Mabati yalikuwa yanatetemeka kwa ule mngurumo, mwanga wa kijivu unapanda na kushuka juu ya nyuso zote zile, na nusura nami niamini kwamba tunapiga kitu. Dada yangu pekee, safu ya nne, alikuwa anatikisa kichwa, maana ananijua.

Mgeni alitazama saa yake mara moja. Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya mkoba, akabaki.

Mvua ilipungua kama ilivyokuja, bila kuaga. Yakabaki matone ya kwenye miti. Nikangoja na hayo yapungue. Ndipo nikapiga.

Sikumbuki yote. Nakumbuka kodi ya ukurasa wa pili, ile isiyo na furaha wala huzuni, ilivyokwenda mpaka kwenye mlango mkubwa na kurudi. Nakumbuka mkono wa binti yangu ukigeuza ukurasa, kucha zimekatwa fupi kama zangu. Kodi ya mwisho niliiacha. Niliisikiliza ikiondoka, ikawa nyembamba, ikawa karibu na kitu unachokikumbuka tu, na mguu wangu ukawa unauma nikauacha uume. Nilipouinua, yule mzee aliyefumba macho akaanza kupiga makofi, halafu wote.

"Baba," binti yangu akasema katikati ya kelele zile, "umewangojesha watu."

"Wao walikuwa na haraka gani?" nikamjibu. Mgeni, niliambiwa baadaye, alisifu sana sehemu ya kwanza, ile ya mvua. Alitaka kujua imeandikwaje.

Jumamosi, 12 Aprili

Amechaguliwa yeye. Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na dada, mlango umefungwa na cherehani imezimwa.

"Tangu jana anajua. Ameniambia nisikwambie kwa sababu atawaandikia kwamba haendi."

"Haendi kwa nini?"

"Wewe unadhani kwa nini, mdogo wangu?"

Furaha ilinijia kwanza. Naiandika ilivyokuwa: furaha, kama mtu aliyeokota kitu njiani akatazama nyuma kama mwenyewe anakuja. Ilidumu mpaka kwenye mlango wa chumba chake. Alikuwa kitandani na simu, anaandika na kufuta, na uso wake ulikuwa kama wakati ule wa ni sawa, Baba.

Nikakaa kwenye kiti chenye nguo. "Weka hiyo simu."

"Shangazi hawezi kutunza siri."

"Shangazi yako ni gazeti, sikiliza. Unakwenda."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi. Nina dada anayeninyanyasa. Nina mhudumu wa baa tunayegombana naye."

"Na chai ya asubuhi?"

"Nitachemsha."

"Hujui hata jiko linawashwaje upande ule ulioharibika."

"Nitakunywa maji!" Nilikuwa nimepanga kusema kwa utulivu, lakini sauti ilinitoka kubwa. "Mama, sikia." Humwita hivyo kwa sababu ana jina la mama yangu. "Siku ile ya mvua ningeweza kukubakiza hapa. Ilikuwa rahisi, ningepiga tu. Nimekaa mbele ya watu wote wale nimetoka jasho kama mwizi, ili wewe usikike. Sasa unataka kuniambia nilikaa bure?"

Akaanza kulia. Nami nikalia, basi, tukawa wawili.

"Naogopa utaona nimekuacha," akasema.

"Mama yako aliondoka hakunitazama. Wewe nitazame. Nitazame vizuri, halafu nenda."

Akanitazama. Nilitaka kugeuka, sikugeuka. Nje ya mlango dada alikuwa anapenga kamasi na kusingizia vumbi, katikati ya masika.

Jumapili, 1 Juni

Amesafiri. Mvua zimekwisha, barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa kavu.

Alhamisi, 5 Juni

Jiko upande ule unawashwa kwa kiberiti, ukipiga teke kidogo chini. Dada alikuwa anajua.

Jumanne, 10 Juni

Sikuweza kungoja simu yake, nikapiga mimi. Chumba chake kina dirisha moja na jirani anayepiga tarumbeta. Chakula hakina chumvi. Ana baridi, amenunua soksi. Nikamwambia anunue nyingine.

"Nipigie, Baba," akasema.

"Si ndiyo nimekupigia?"

"Piano, Baba."

Nikaiegemeza simu kwenye kishikio cha noti, juu ya piano yetu hii ya nyumbani yenye vibao viwili vibovu, nikapiga kazi yake yote. Dada alisimamisha cherehani. Kodi ya mwisho niliiacha iende, kisha nikainua mguu na kushika simu, nikingoja aseme asante, au ni sawa.

"Hapana," binti yangu akasema kutoka kule mbali, bila kusita, bila shangazi. "Hapo mwishoni umekosea, Baba. Ilikuwa bado inalia. Rudia."

Hajawahi kuniambia hivyo tangu azaliwe. Nikarudisha simu pale juu, nikavuta kiti. Kosa lilikuwa mwishoni, lakini nilirudia kuanzia mwanzo.